Uliza Anko: Kwani wanamtema aliyekimbia, wanambakiza asiyegusa mpira?

SWALI: Shikamoo Anko. Mi niko New Jersey, nilihamia 2019 nikitokea Tanga, mpira niliokuja nao kichwani ni Coastal Union na Simba basi, sasa mwanangu ana miaka kumi na tatu kaniingiza kwenye huu wa Wamarekani wa kushika mkononi na timu yetu ni Giants (usicheke). Kila Agosti kwenye mechi za majaribio naona kijana anakimbia na mpira hadi raha, kesho yake katemwa, halafu anabakizwa jamaa ambaye usiku mzima sijamuona na mpira mkononi. Na 2024 ndo wakamwachia mkimbiaji wao nyota Saquon Barkley akaenda Philadelphia, mwanangu alinuna wiki nzima. Hivi hawa makocha wanaangalia nini wakichagua wakimbiaji wa kubaki nao?
Mama wa shabiki, New Jersey

ANKO: Marahaba mwanangu. Sicheki, mi nimeshabikia timu mbaya kuliko hiyo.

Kwa wasomaji wa huku ambao huu mchezo wanauona kwenye sinema tu, anayeulizwa hapa ni raningibeki, yule anayekabidhiwa mpira mkononi na kotabeki (anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) halafu anajitosa katikati ya majitu ya kilo mia na arobaini akitafuta upenyo. Timu inaingia kambini na watu 90, mwisho wa Agosti wanatakiwa wabaki 53, yaani 37 nje, zidisha kwa timu 32 unapata karibu watu elfu moja na mia mbili wanapitiwa na panga mkupuo mmoja, dirisha letu la usajili linaonekana kama harusi. Wanasema asubuhi hiyo ukiguswa bega ukaambiwa kocha anakuita na uje na kitabu chako cha mbinu (siku hizi tableti) basi usiulize, kusanya viatu.

Kwenye hao 53 wakimbiaji huwa watatu, pengine wanne. Sasa huyo wa kwanza hata mi na wewe tungemchagua tuko jikoni tunakaanga mihogo. Wa pili pia sio kazi. Ugomvi wote uko kwa wa tatu na wa nne, na hapo ndipo jicho la shabiki na la kocha yanapoachana, maana huyo wa tatu hajaajiriwa kukimbia na mpira! Wa kwanza akiwa mzima huyu anaweza kumaliza mechi kaugusa mara mbili tu. Kwa hiyo kocha anauliza, akiwa hana mpira ananifanyia nini?

Ngoja nikupe picha. Mwaka jana nilikuwa Maryland kwa dada'angu, mechi ya majaribio, shemeji kalala kwenye kochi na rimoti kifuani. Dauni ya tatu (timu ina majaribio manne, yaani dauni, ya kusogeza mpira yadi kumi), bado yadi nane, kotabeki kashika mpira anaangalia mbele, na huku kushoto mlinzi mmoja kaachiwa njia anakuja kama daladala iliyokatika breki. Yule raningibeki wa tatu, kijana mfupi tu, akapiga hatua moja ndani, akashusha makalio, akamkita yule bwana kifuani kwa mikono miwili. Wakaanguka wote. Mpira ukarushwa, ukadakwa, dauni mpya, kamera ikamfuata aliyedaka na mtangazaji hakumtaja huyu mfupi hata kwa bahati mbaya. Mi nikamwamsha shemeji nikamwambia huyu anabaki. Akaniambia nimuache alale. Wiki mbili mbele kijana yumo kwenye 53.

Maana pale asingeziba, kotabeki wa mamilioni angebebwa na machela. Kijana asiyejua kuziba hata awe na mbio za swala kocha hamwamini dauni ya tatu. Weka na ile kazi ya kushuka mbio kumkaba anayepokea mpira uliopigwa wa kuanzia, kazi ya kuumia hiyo, nyota haifanyi, wa tatu ndo anaifanya. Austin Ekeler 2017 hakuna timu iliyomtaka kwenye drafti (zamu za timu kuchagua vijana wa vyuo), katokea chuo kidogo Colorado, timu ya Chargers wakambakiza na moja ya sababu ni hizo kazi za kukaba, baadaye ndo akaja kuwa nyota.

Na hizo mbio unazoziona Agosti zisikudanganye sana. Angalia ni kipindi gani. Kama ni cha nne, cha mwisho, basi kijana wako alikuwa anawakimbia watu ambao nao wiki ijayo hawana kazi. Angalia na kama aliudondosha, akidondosha mara mbili Agosti kwaheri, hilo halina mjadala.

Haya, Saquon. Hapa mwanao ataninunia na mi.

Giants walimchukua 2018, namba 2 kwenye drafti nzima, wakati ukuta wao wa mbele, wale wanene wanaomfungulia njia, ulikuwa wa nyavu. 2023 yuko New York kakimbia yadi 962 msimu mzima. 2024 kavuka mto kwenda Eagles, timu ya Philadelphia, kwa mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 37.75, kapata yadi 2,005. Wa tisa tu kwenye historia ya ligi kuvuka 2,000 kwa msimu mmoja, na alikuwa anahitaji 101 tu kuvunja rekodi ya Eric Dickerson ya 1984 (2,105), mechi ya mwisho akapumzishwa, kisha Februari 2025 akabeba Super Bowl, fainali ya ligi, Chiefs wamekula 40 kwa 22. Miguu ni ileile mwanangu! Kilichobadilika ni watu waliomtangulia, mle kuna Lane Johnson, kuna Jordan Mailata Mwaustralia wa mita mbili na kilo kama 165 ambaye alikuwa anacheza raga kabla ya hapo. Mbele ya mtu kama huyo hata mi ningepata yadi tatu.

Kwa hiyo mi sisemi Giants walikosea kumwachia, nasema walikosea mapema zaidi, unanunuaje pazia la hariri nyumba haina ukuta? Na kama walishaamua hawamlipi wangemuuza 2023 wapate kitu, sio kusubiri mkataba uishe aende bure tena kwa jirani mbaya. Bosi mwenyewe wa Giants, John Mara, alinaswa na kamera akisema usingizi utamsumbua Saquon akienda Philadelphia. Nadhani ulimsumbua kweli.

Kumlipa mkimbiaji ni kamari. Todd Gurley 2018 kapewa mkataba wa milioni 60 na Rams, goti likaanza, Machi 2020 kaachwa. Ezekiel Elliott, milioni 90 pale Dallas 2019, 2023 katemwa. Halafu anakuja mtu kama Derrick Henry anakuharibia hesabu zote, Titans wamemwacha aende ana miaka 30, umri ambao wakimbiaji wengi wanafungua biashara, kafika Baltimore kapiga yadi 1,921 mwaka huohuo. Ila tazama tena, Baltimore alikuta ukuta na alimkuta Lamar Jackson, kotabeki ambaye naye anakimbia, walinzi hawajui wamfuate nani.

Ningekuwa mi ndo nachuja pale kwenu ningeweka vijana wawili wa bei nafuu na mmoja mzibaji, hela yote inayobaki kwa wanene wa mbele. Na Giants ndo njia walioishika, Tyrone Tracy raundi ya tano 2024, Cam Skattebo raundi ya nne 2025. Tena Skattebo mwenyewe Oktoba 2025 kifundo cha mguu kikamteguka vibaya, palepale Philadelphia. Ndo maana hawabakizi mmoja.

SWALI: Anko mi niko Mombasa, kwani Mwafrika ashawahi kutamba kwenye huo mchezo ama ni wa wenyewe tu?

ANKO: Ashatamba, tena kwenye nafasi hiihii. Christian Okoye, Mnaijeria, alienda California kwa ajili ya kurusha kisahani, mpira wa Kimarekani kaujulia ukubwani chuoni, 1989 akiwa Kansas City Chiefs akaongoza ligi nzima kwa kukimbia, yadi 1,480. Alikuwa na kilo karibu 118, watu walikuwa wanamkwepa. Na wa kwenu yupo, Daniel Adongo, mchezaji wa raga, Indianapolis Colts walimsajili 2013, yeye alicheza upande wa ulinzi na zile kazi za kukaba mipira ya kuanzia, hakudumu sana lakini uwanjani aliingia.

SWALI: Akitemwa ndo basi tena?
Msomaji, Dodoma

ANKO: Hapana. Chipukizi akitemwa timu nyingine zina saa 24 za kumdaka, na iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndo inachagua kwanza. Asipodakwa anaweza kurudi timu ileile kwenye kikosi cha mazoezi, nafasi 16, analipwa kidogo na anaweza kupandishwa siku ya mechi.

Muulize mkimbiaji Raheem Mostert. 2015 hakuchaguliwa kwenye drafti, akapita timu sita, zote zikamtema, na tarehe za kutemwa alikuwa kaziandika anazisoma kabla ya mechi. Ya saba, 49ers, ikambakiza kwanza kwa zile kazi za kukaba. Januari 2020, mechi ya kuamua nani aende Super Bowl, Green Bay wamekuja, mkimbiaji mwenzake Tevin Coleman akaumia. Mostert akapiga yadi 220 na tachidauni (mabao yao) nne. Kotabeki wa 49ers usiku ule alirusha mpira mara nane tu.