Mkaa, msuaki au dawa ya dukani? Kusafisha meno ya mtoto mwenye enameli dhaifu

Aliyekulia Arusha au Meru hahitaji kuelezwa meno ya kahawia ni nini. Maji ya ardhini ya ukanda huu wa volkano yana floraidi nyingi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na Arumeru kuna visima na chemchemi zinazopita hapo mara kadhaa. Mtoto akinywa maji hayo tangu uchanga, wakati meno yake ya ukubwa bado yanajengwa ndani ya fizi, yataota yakiwa na madoa meupe kama chaki. Madoa yanageuka kahawia kadiri miaka inavyokwenda, na hali ikiwa mbaya enameli, lile gamba gumu la nje la jino, inameguka vipande vipande. Binti yangu ni mmoja wa watoto hao.

Ukiwa na mtoto wa namna hii, kila mtu ana dawa yake. Jirani anakwambia mkaa uliotwangwa na chumvi. Mwingine anakwambia magadi na ndimu. Mama mkwe wangu anaamini msuaki, na dukani utaonyeshwa dawa ya meno iliyoandikwa kuwa ni ya mitishamba mitupu. Mimi nimebaki na maswali matatu kwa chochote kinachotaka kuingia kinywani mwa binti yangu: kinakwangua? Ni kikali kama ndimu? Kinasaidia madini kurudi kwenye jino? Kama kimetoka porini au kiwandani, hilo halinijibu hata swali moja.

Nianze na mkaa, maana ndio unaoumiza wengi. Ile rangi ya kahawia haikupakwa juu ya jino, imezama ndani ya vitundu vya enameli yenyewe. Ukisugua mpaka ikapungua, ujue umeiondoa enameli, na enameli ikishaondoka haioti tena. Majivu, mchanga na chumvi ya mawe ni kundi hilo hilo. Najua kwa nini wazazi wanafanya hivi. Mtoto anarudi kutoka shule analia kwamba wenzake wamemwita meno machafu, na mzazi anashika mkaa kwa uchungu. Tafadhali, uweke chini. Jino lile si chafu, ni dhaifu.

Ndimu nayo hapana kabisa. Enameli huanza kuyeyuka pH ya mdomoni, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka uchachu umezidi, inaposhuka chini ya kama 5.5, na ndimu iko karibu na 2. Ukiichanganya na magadi utaona povu linapanda, ukadhani kuna kazi inafanyika, kumbe hakuna madini yoyote yanayorudi kwenye jino. Tena magadi haya ya asili tunayopikia makande na maharage huku kaskazini yenyewe yana floraidi. Kwenye chungu cha mtoto mdogo mimi siyatii. Maharage yakilowekwa usiku kucha yanaiva vizuri tu.

Msuaki ni habari nyingine, na hapa nampa mama mkwe haki yake. Mti ule, wanaouuza Wamasai kwa vifungu sokoni, ukitafunwa ncha hadi ikawa nyuzi laini unasafisha kweli, na una vitu vinavyopunguza bakteria. Meno yake mwenyewe ni ushahidi. Ila kwa mtoto nimeona mipaka yake. Unafika vizuri upande wa mbele wa meno, lakini upande wa ulimi na kwenye mifereji ya magego haufiki. Mtoto mdogo hajui kuutafuna ukalainika, kwa hiyo anajichoma fizi. Binti yangu anautumia mchana akiwa na bibi yake, mbichi, ncha ikikatwa na kutafunwa upya. Asubuhi na usiku ni mswaki laini na dawa.

Dawa ipi? Hapo ndipo mama mkwe aliponiuliza swali zuri kuliko yote: "Mwanangu, floraidi si ndiyo hiyo hiyo iliyomharibu mtoto? Sasa unampaka tena?"

Floraidi iliyomharibu ni ile aliyoimeza wakati jino linajengwa. Mwili unapoijenga enameli, floraidi ikizidi inavuruga kazi, na jino linatoka na vitundu. Jino likishaota mambo yanabadilika: floraidi kidogo ikigusa uso wake, madini yaliyomo kwenye mate yanarudi kwa urahisi zaidi mahali yalipopotea, na jino linastahimili asidi vizuri zaidi. Jino lenye vitundu linahitaji msaada huo kuliko jino zima. Kwa hiyo tunapaka juu, hatumezi. Na kwa kuwa mtoto chini ya miaka 8 bado ana meno yanayojengwa ndani ya fizi, kipimo ndicho kila kitu: ukubwa wa punje ya mchele kabla ya miaka 3, punje ya njegere kuanzia miaka 3 hadi 6. Ule mstari mrefu unaofunika mswaki wote, unaouona kwenye matangazo, si wa mtoto. Dawa nashika mimi, na haikai mahali anapoweza kuilamba.

Geuza tyubu usome nyuma. Tafuta neno fluoride na namba ya ppm, yaani kipimo cha wingi wa floraidi ndani ya dawa. 1000 na kuendelea ndiyo inayolinda. Nyingi zinazojiita za asili hazina kabisa: zinanukia vizuri, zinasafisha, basi. Kama kwenu maji yana floraidi nyingi, mwambie daktari wa meno mnakunywa maji gani kabla hujachagua.

Sasa namna yenyewe. Meno haya yanaingia ganzi haraka, na mtoto anayekataa mswaki mara nyingi anaukimbia uchungu, si ukaidi. Natumia maji ya uvuguvugu. Mswaki nauloweka humo kwanza nyuzi zilainike. Nasimama nyuma yake, kichwa chake kinaegemea kifuani pangu, nainua mdomo wa juu kwa kidole ili nione ninachofanya. Mizunguko midogo, mkono mwepesi, dakika mbili. Akimaliza anatema, hasukutui, ili dawa kidogo ibaki kwenye meno. Usiku baada ya hapo ni maji tu, kwa sababu mtu akilala mate hupungua na jino linabaki bila ulinzi.

Kuna jino wazazi wengi hawalioni. Kwenye miaka 6 hivi gego la kwanza la ukubwa linaota nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka, na wengi hudhani ni la utoto. Likiwa linapanda linakuwa chini kuliko wenzake, na mswaki unalipita juu juu. Ingiza mswaki kutoka pembeni ya shavu, uukingamishe, usugue lile peke yake.

Kwenye chakula nilichopigania zaidi ni ubuyu wa kupaka rangi. Una uchachu na sukari kwa pamoja, na mtoto anaumung'unya saa nzima. Uji wa ndimu na juisi ya ukwaju vinaliwa na mlo, si kidogo kidogo mchana kutwa, na baada yake anasukutua maji. Mswaki tunasubiri kama saa moja, kwani ukisugua enameli iliyolainishwa na asidi unaiondoa.

Kuhusu maji ya kunywa: kuchemsha hakuondoi floraidi, kunaikoleza. Maji ya mvua yanafaa, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kama wafanyavyo kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Hili linawahusu zaidi wadogo wa binti yangu ambao meno yao bado yanajengwa.

Mpeleke kwa daktari wa meno mapema, asisubiri maumivu ya usiku. Ukiona anatafuna upande mmoja, anashtuka kwa maji baridi, au ukingo wa jino umemeguka, muda umefika. Kuna vanishi ya floraidi inayopakwa kwa dakika chache, na magego yenye mifereji yanaweza kuzibwa kabla hayajatoboka. Madoa ya mbele yanayomtia aibu yanaweza kufunikwa atakapokuwa mkubwa zaidi, kwa hiyo mwulize daktari mbele ya mtoto, asikie kwa masikio yake kwamba linawezekana.