Baada ya upasuaji wa titi: picha zipi, lini, na za kutafuta nini?

Oktoba imepita na kampeni zake za saratani ya matiti, na barua nyingi zilizobaki mezani pangu hapa Moshi zimetoka kwa watu waliokwisha kufanyiwa upasuaji, ambao sasa wanahesabu siku kutoka tarehe moja ya kliniki hadi nyingine. Nimechagua tano na kuzifupisha.

Shikamoo Daktari. Nilitolewa uvimbe kwenye titi la kushoto, titi lenyewe likaachwa, na mionzi nikaimaliza katika hospitali ya saratani ya Ocean Road mwezi Juni. Hadi leo sijapigwa mamografia, ile eksirei ya matiti. Je, nimesahauliwa? Shangazi yangu anasema ningekatwa titi lote ningekuwa nimelala usingizi. — Msomaji, Njiro, Arusha

Marahaba. Hujasahauliwa. Picha ya kwanza ya titi lililopata mionzi hupigwa kati ya miezi 6 na 12 tangu mionzi ilipokwisha, na baada ya hapo kila mwaka. Titi linalotoka kwenye mionzi huwa limejaa maji kwa ndani na ngozi yake imekuwa nene, kwa hiyo picha ya mapema huonyesha weupe mwingi usiosomeka, na msomaji wa picha akishindwa kuusoma, wewe ndiye utakayerudishwa kuchomwa sindano bila sababu.

Itakapopigwa, itunze vizuri, kwa sababu picha zote za miaka ijayo zitalinganishwa nayo. Mama mmoja wa Rombo aliwahi kuniletea picha alizozikunja mara nne ili ziingie mkobani. Mkunjo ulikuwa umeacha mstari mweupe uliopita juu ya kovu, mahali pale pale tulipotaka kutazama. Ziweke zimelala katika bahasha yake, mbali na moshi wa jikoni, pamoja na karatasi ya majibu. Siku ya kipimo usijipake poda wala dawa ya kuzuia jasho kwapani, maana chembe zake huweza kuonekana kama punje za chokaa, nazo punje za chokaa ndizo tunazozitafuta, kwa kuwa huweza kuwa dalili ya saratani.

Kuhusu shangazi, ana nia njema, lakini jambo hilo lilikwisha kupimwa. Nchini Marekani wanawake 1,851 walifuatiliwa kwa miaka 20, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba waliokatwa titi lote hawakuishi muda mrefu kuliko waliotolewa uvimbe tu. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye mionzi: saratani ilirudi katika titi lile lile kwa asilimia 14.3 ya waliopata mionzi, na kwa asilimia 39.2 ya wale ambao hawakuipata. Wewe mionzi umeimaliza.

Mwanangu daktari, nina miaka 63 na titi la kulia lilikatwa lote. Nimeandikiwa mamografia. Wanapiga nini tena? Na mionzi ya mashine haitauamsha ugonjwa? — Mama, Majengo, Moshi

Shikamoo mama. Watapiga titi la kushoto, kwa sababu aliyewahi kuugua titi moja ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua la pili kuliko mwanamke mwingine. Upande wa kulia unachunguzwa kwa macho na mikono: kipele kigumu kwenye kovu, ngozi inayobadilika rangi, mtoki kwapani au juu ya mtulinga, mkono unaoanza kuvimba. Mionzi ya kipimo kimoja ni takriban milisiverti 0.4, sawa na ile ambayo mwili hupokea kutoka ardhini na angani kwa miezi miwili hivi. Haiamshi ugonjwa, mama.

Daktari, binamu yangu aliyeko ng'ambo anapigwa CT skani ya mwili mzima kila miezi sita. Mimi daktari wangu ananipapasa tu na kuniuliza maswali. Kahawa imeuzwa vizuri mwaka huu na fedha ninayo. Kwa nini nisipimwe kila kitu? — Msomaji, Marangu

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na ninaelewa uchungu ulio ndani yake, kwa kuwa anayeambiwa "huhitaji kipimo" husikia "hatukujali". Hata hivyo, mwaka 1994 yalitolewa matokeo ya majaribio mawili ya Italia, kila moja likiwa na wanawake zaidi ya 1,200 waliokwisha kutibiwa. Nusu walifuatiliwa kwa kuonwa na daktari pamoja na mamografia. Nusu waliongezewa eksirei ya kifua na picha za mifupa kwa ratiba, na katika jaribio moja hata ultrasaundi ya ini. Baada ya miaka, walioongezewa vipimo hawakuishi zaidi ya wenzao. Saratani iliyokwisha kufika kwenye mfupa au ini, hata ikionekana miezi kadhaa mapema, kwa kawaida hutibiwa kwa dawa zile zile.

Upande wa pili wa hesabu ni hasara. Skani ya mwili mzima ya mtu asiye na dalili huona mengi: kovu la kifua kikuu cha zamani kwenye pafu, kifuko cha maji kwenye ini, uti wa mgongo uliochakaa kwa kazi. Kila kimoja hudai kipimo kingine, na wiki hizo za kusubiri huwezi kuzirudisha.

Ndiyo maana maswali ya daktari wako ni kipimo pia. Nichukue mfano wa mgongo. Ukibeba mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka tambarare hadi Marangu, utaumwa, na maumivu hayo hupungua ukipumzika. Maumivu ninayotaka kuyasikia ni yale yanayokaa sehemu moja kwa wiki mbili au tatu, yanaongezeka, na yanakuamsha usiku ukiwa umelala chali bila kazi yoyote. Vivyo hivyo kikohozi kisichoisha, pumzi kuwa fupi, macho kuwa ya manjano, kichwa kinachouma kwa namna mpya, au kukonda bila sababu. Hapo CT skani ina swali la kujibu, nami nitakuwa wa kwanza kuiandika.

Mke wangu amegusa kitu kigumu karibu na kovu. Tarehe yake ya kliniki ni Februari. Tusubiri? — Mume, Machame

Msisubiri; mpeleke wiki hii. Huenda ni mafuta ya titi yaliyokufa baada ya upasuaji au mionzi, jambo la kawaida ambalo hugeuka kuwa donge gumu na huwatisha hata madaktari. Lakini kwa vidole peke yake hakuna awezaye kulitofautisha na saratani. Aombe ultrasaundi na mamografia, na picha zikiacha shaka, achukuliwe kipande kidogo cha donge hilo kipelekwe maabara.

Mwezi Machi natimiza miaka 5. Kanisani wananiandalia shukrani, na mume wangu anaona kliniki sasa basi. Mimi usiku wa kuamkia kipimo silali. — Msomaji, Usa River

Shukrani ifanyike, na kliniki iendelee. Katika miaka 3 ya kwanza mgonjwa huonwa kila miezi 3 hadi 6, katika miaka 2 inayofuata kila miezi 6 hadi 12, kisha mara moja kwa mwaka. Mamografia hubaki ya kila mwaka. Saratani isiyo na vipokezi vya homoni (sehemu za seli zinazopokea homoni) wala HER2 (protini inayochochea seli kukua) hurudi zaidi katika miaka ya mwanzo, kwa hiyo kwa mwenye aina hiyo miaka 5 ni hatua kubwa kweli. Ile yenye vipokezi vya homoni huweza kurudi hata baada ya miaka 10 au 15, na ndiyo sababu baadhi ya wanaotumia tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni, huongezewa muda hadi miaka 10. Angalia katika faili lako yako ni ipi, na usiache kidonge kabla ya kuuliza.

Kuhusu usiku ule, sina dawa ya kuufuta. Ninachoweza kukushauri ni kuomba miadi ya asubuhi, kuuliza kabla hujaondoka majibu yatatoka siku gani na utapewa na nani, na kwenda na mumeo, asikie mwenyewe kwa nini bado unaitwa.