Usiilaumu filta kabla hujautazama mbuyu

Filta yangu ya kwanza ya infraredi, ule mwanga ambao jicho haliuoni, niliinunua mwezi Septemba, na kosa lilianzia hapo. Anayeijua Dodoma ya Septemba ananielewa: mibuyu imebaki matawi matupu, nyasi zimekauka, vumbi linaingia mpaka ndani ya mkoba wa kamera. Nikatoka kuelekea Hombolo, nikaifunga filta kwenye lenzi, nikapiga mbuyu. Picha ikaja rangi ya damu ya mzee. Nikaigeuza nyeusi na nyeupe, ikawa kijivu kuanzia chini hadi juu. Nikajua nimepigwa, filta ni feki.

Filta ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni majani.

Jicho la mtu linaishia karibu na mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 700. Filta inayoandikwa 720 inazuia karibu mwanga wote tunaouona na kupitisha ule unaofuata, yaani infraredi. Jani bichi linaurudisha mwanga huo kwa wingi, kwa kuwa klorofili haiufyonzi, na vijinafasi vya hewa kati ya seli za ndani vinautawanya urudi nje. Ndiyo maana mwembe wenye afya hutoka mweupe kama umemwagiwa unga wa sembe, huku anga la buluu likiwa jeusi nyuma yake. Mmarekani Robert Wood alizichapisha picha za namna hii mwaka 1910, na weupe huo wa majani mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Sasa ukienda kupiga mti usio na jani hata moja, unategemea nini?

Kwa hiyo, wewe unayeanza, subiri mvua. Kati ya Desemba na Aprili mibuyu huvaa majani, na mawingu makubwa ya mchana hukaa vizuri juu ya lile anga jeusi. Kama huna subira, kiangazi tafuta mwarobaini, au omba ruhusa kwenye shamba la zabibu linalomwagiliwa. Na piga mchana wa jua kali, saa zile wapiga picha wengine wamekwenda kula.

Kabla ya kununua chochote, ijaribu kamera yako kwa rimoti ya televisheni. Ielekeze kwenye lenzi, bonyeza, tazama kioo cha nyuma. Ukiona kitaa kinawaka, kamera inaona infraredi. Kikiwaka kwa unyonge, jiandae kusubiri, maana watengenezaji huweka mbele ya sensa (kile kipande kinachopokea mwanga, si ile ya kuhesabu watu) kioo kinachozuia mwanga huo. Mara nyingi kamera za kidijitali za zamani, zile watu wanazozitupa kabatini, huwa na kioo dhaifu zaidi na zinafaa kuliko mpya.

Kamera yangu haijafunguliwa kutolewa kioo hicho, na kwa ISO 400 (wepesi wa sensa kupokea mwanga), tundu la lenzi f/8, jua la saa saba, nilihitaji kuacha mwanga uingie kwa sekunde 20. Hapo traipodi si anasa. Na upepo wa Dodoma unaujua: ndani ya sekunde 20 matawi yatacheza na majani yawe moshi. Mimi huusikiliza upepo, ukitulia ndipo nabonyeza, tena kwa kutumia kipima muda ili mkono usitikise kamera.

Fokasi iweke kabla ya kufunga filta, kisha uizime ile ya kujiendesha. Infraredi haikusanyiki mahali palepale ambapo mwanga wa kawaida hukusanyika, kwa hiyo piga picha ya majaribio, ikuze, urekebishe kidogo. Ukiona duara jeupe katikati ya picha, tatizo ni lenzi. Fungua tundu hadi f/5.6 uone kama linapungua. Lisipopungua, badili lenzi. Usawa wa weupe (white balance) upime kwenye majani mabichi, na uhifadhi faili la RAW, lile ambalo kamera haijalichakata. Ukitaka anga la buluu, kwenye kompyuta badilishana chaneli nyekundu na ya buluu.

Januari nilirudi Hombolo. Mzee mwenye shamba la zabibu, baada ya mimi kumwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", akasimama nyuma yangu muda wote akihesabu sekunde kwa sauti. Nikamwonyesha kioo cha nyuma ya kamera. Akatazama, akalitazama shamba, akatazama tena kioo. "Mjukuu wangu, mbona zabibu zangu umezifanya pamba?"

Usilitazame jua kupitia filta hii. Kwa kuwa ni giza machoni, mboni inapanuka, na infraredi inapita yote.

Na usifungue kamera mwenyewe ili kutoa kile kioo cha ndani. Kapasita ya fleshi hubaki na umeme mkali hata betri ikiwa mezani. Kuna mafundi wanaofanya kazi hiyo, na kamera ikishabadilishwa unapiga mkononi bila traipodi. Ila picha za kawaida, za harusi na pasipoti, hutazipata tena kama zamani: nguo nyingi nyeusi zitageuka zambarau. Mimi nina harusi za kupiga kila Jumamosi, kwa hiyo yangu sijaigusa.