Kuwachezesha Wajapani RPG ya mezani: mimi nilikoharibu na kilichonisaidia

Mkuu, umeuliza hivi: umehamia Osaka kikazi, una kitabu chako cha Kiingereza cha Dungeons & Dragons (D&D), ile RPG ya mezani, yaani mchezo ambao kila mtu anaigiza mhusika wake kwa mdomo, msimamizi anasimulia na dadu zinaamua, Kijapani chako ni cha kuombea maji, na wenzako wanne wa ofisini wamekubali kucheza Jumamosi moja. Uanzie wapi?

Nilikaa Sendai, huko huko Japani, miaka mitano kimasomo, na minne kati ya hiyo nilikuwa naendesha meza, yaani nasimamia mchezo, karibu kila mwezi. Acha nikupe niliyoyapitia, hasa nilikoboronga.

Kwanza toa kichwani hilo wazo la kwenda "kuwaletea" mchezo. Mimi nilifika kama mmisionari, nikaja kugundua nimepeleka karafuu Pemba. D&D ilitoka kwa Kijapani mwaka 1985. Mwaka uliofuata jarida la Comptiq likaanza kuchapa mazungumzo ya meza ya kikundi cha Group SNE, yaani nani alisema nini na dadu zikatoka ngapi, kama maandishi ya tamthilia. Wao huita "ripurei". Humo ndimo ilimozaliwa Record of Lodoss War, hadithi ya mapanga na uchawi iliyokuja kuwa vitabu na katuni, na yule Deedlit, binti wa kielfi (viumbe wa hadithini wenye masikio marefu), alichezwa mezani na mwanamume, mwandishi Yamamoto Hiroshi. Mwaka 1989 hao hao Group SNE wakatoa Sword World, RPG yao wenyewe ya mezani, kitabu cha kutia mfukoni, dadu mbili tu za kawaida za pande sita. Kwa hiyo usishangae ukikuta yule mhasibu wenu mkimya alikuwa anacheza tangu yuko sekondari.

Ila ukimwambia "RPG" hatakuelewa unavyotaka. Kule RPG ni mchezo wa video kama Dragon Quest, ni kukaa mbele ya runinga. Sema TRPG, ile T ikiwa ya "teeburu tooku", maongezi ya mezani. Hilo jina lilipaswa kunishtua mapema, maana shida yangu yote ilikuwa kwenye maongezi, wala si kwenye kanuni.

Meza yangu ya kwanza ilikuwa kwenye chumba cha kukodi cha kominkan, ule ukumbi wa jamii wa mtaa, saa saba mchana mpaka saa kumi na moja. Wachezaji wanne. Saa mbili nzima ziliishia kwenye kutengeneza wahusika, mimi nikitafsiri kitabu huku jasho linanitoka. Tukaingia kwenye kilabu cha pombe cha kijijini, nikaeleza moshi, harufu ya nyama, mzee mwenye jicho moja. Nikamaliza kwa mbwembwe: "Haya, mnafanya nini?"

Kimya. Wakatazamana. Mmoja akatabasamu, mwingine akanywa chai. Nikarudia swali kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba hawakusikia. Nadhani zilipita dakika tatu, kwangu zilikuwa kama foleni ya Ubungo.

Nilidhani wamechoshwa. Siyo. Kila mmoja alikuwa anampisha mwenzake. Aliyekuwa mdogo kiumri hawezi kumtangulia mkubwa, mkubwa hataki kuonekana anaburuza watu, na swali langu lilikuwa limetupwa hewani bila mwenyewe. Wewe na mimi tumekulia kwenye vijiwe ambako anayewahi ndiye msemaji. Kule swali lisilo na jina halijibiwi.

Kilichoniokoa ni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anaendesha meza ya chumba cha pili. Alinionyesha wanachoita "handoauto": kabla ya mchezo kila mchezaji anapewa kikaratasi chenye mistari michache, wewe ni nani, unamtafuta nani, kwa nini leo uko hapa. "Mzee mwenye jicho moja ni mdeni wa baba yako." Ukishakuwa na kikaratasi hicho una haki ya kusema, hakuna atakayekuona mjuaji. Michezo yao mingi ya kienyeji pia inagawa onyesho kwa zamu: sasa ni onyesho la fulani, wengine wanaingia wakitaka. Shinobigami, mchezo wa maninja wenye siri, unahesabu kabisa mizunguko ya zamu. Nilikuwa naona ni kuwafunga watu kamba. Mpaka nilipoona namna chumba kinavyokodishwa kwa saa, na treni ya mwisho haimsubiri mtu, ndipo nikaelewa kwa nini mchezo unaoisha ndani ya saa nne una thamani kuliko kampeni, yaani hadithi moja ya vikao vingi, ya miaka miwili isiyofika popote.

Basi nikabadilika. Badala ya "mnafanya nini?" nikawa nauliza, "Garudo-san, mzee amekutazama na amejua sura yako. Unamfuata, au unajifanya hujamwona?" Jina la mhusika, jambo moja, njia mbili. Mara nyingi wakachagua njia ya tatu ambayo sikuiwazia, lakini walihitaji hizo mbili za kuanzia.

Kuhusu lugha, hapa ndipo penye utamu. Kiswahili chetu mimi ni mimi, awe mfalme au mwizi wa kuku. Kijapani mtu anachagua "mimi" yake: ore ya jeuri, boku ya kijana mpole, watashi ya heshima, sessha ya samurai wa hadithini, washi ya mzee. Tulikuwa na dada mmoja, vikao viwili hajazidi sentensi tano. Cha tatu akachukua kibete mzee na kuanza na "washi". Mkuu, yule dada alimfokea kansela wa mji mbele ya senpai wake, yaani mkubwa wake wa kazini, senpai akiwa anacheza huyo huyo mlinzi wa kansela! Mchezo ulipoisha akainama na "otsukaresama deshita" (poleni kwa kazi) kwa sauti yake ileile ndogo. Tangu hapo, kabla hata ya kuuliza mtu anataka kuwa mpiganaji au mchawi, namuuliza mhusika wake anajiitaje.

Kanuni usihangaike nazo sana. HP (uhai wa mhusika), leveli, dawa ya kuponya, vyote wanavijua tangu chekechea. Kikwazo ni pale wanapojua kitu tofauti na unachokijua wewe. Watakuuliza mchawi ana MP (akiba ya nguvu za uchawi) ngapi, na D&D haina MP, ina nafasi za kutamkia uchawi. Kingine ni suraimu, lile dude la mlenda. Kwenye Dragon Quest ni kitone cha buluu kinachotabasamu, adui dhaifu kuliko wote. Mimi nikawawekea lile la kijivu la D&D linalokula chuma. Jamaa akalikimbilia akicheka, upanga wake ukaanza kuoza mkononi. Akaniuliza kwa adabu zote kama nina hakika hiyo ni suraimu. Alijiona ametapeliwa, na kwa kweli nilimtapeli. Siku hizi natoa dalili mapema: ngao iliyoliwa nusu pembeni ya mlango.

Wana pia majina ya dhambi za mezani ambayo natamani tungekuwa nayo. "Kuchi puroresu", mieleka ya mdomo, ni yule anayembishia msimamizi mpaka apewe asichostahili. Na msimamizi anayejisimulia mwenyewe huku wachezaji wamekaa kama hadhira ya harusi huitwa "gin'yuu shijin", yaani malenga. Nililijua neno hilo baada ya kuitwa hivyo. Ni kweli, ule moshi na nyama vilikuwa dakika kumi.

Sasa ukiniuliza mimi, hicho kitabu cha Kiingereza kiweke kabatini kwanza. Ofisi ya watu ambao hawajawahi kugusa TRPG, anza na Call of Cthulhu ya Kijapani, mchezo wa mezani wa kutisha na wa upelelezi. Vijana wengi wameufahamu kupitia video za Nico Nico, tovuti yao ya video, unarusha dadu chini ya asilimia fulani basi, na kisa unaweza kukiweka Osaka ya leo, hakuna haja ya kueleza ufalme wala miungu. Wakitaka mapanga na mazimwi, wape Sword World 2.5. D&D ije wakishazoea kusema.

Na kwa Kijapani chako hicho, fikiria kuchezea mtandaoni kwa maandishi, kwenye Cocofolia, tovuti ya kuchezea TRPG. Unaandaa maelezo yako jana yake, kanji (herufi zao za Kichina) usiyoijua unaitafuta taratibu, na wale wakimya wa mezani huko huandika kurasa. Mimi ndiko nilikojifunzia Kijapani cha maana.

Jambo dogo la mwisho. Nilikuwa nafungua kikao kwa "Paukwa!" na nikawafundisha kujibu "Pakawa!" Nilifanya kama utani. Baada ya miezi miwili nilisahau siku moja, nikaanza moja kwa moja, na yule mhasibu wetu (ndiyo, nasi tulikuwa naye) akainua mkono akaniambia mchezo bado haujafunguliwa.

Dadu za pande sita utazipata duka lolote la yeni 100. Za pande ishirini, za D&D, nenda Yellow Submarine, duka la michezo ya mezani. Kama kominkan ya mtaani kwako inadai mkazi ndiye akodi, mwagize mmoja wa hao wanne, na muwahi, Jumamosi zinajaa.