Kabla ya Mkonga, Kagua Mpira wa Hita

Jumamosi iliyopita dogo mmoja aliingia uani kwangu hapa Morogoro na Land Cruiser 80 ambalo hajalimiliki hata miezi minne. Limeinuliwa, lina matairi ya inchi 33, ngao, winchi, mkonga (bomba la kuvutia hewa juu, usawa wa paa), keria ndefu, na taa za kutosha kuchezea mechi usiku. Nikafungua boneti. Klipu za rejeta zimeota kutu, mpira wa juu ukiubonyeza unalia kama ganda la karanga, na ndani ya rejeta kuna maji matupu yenye rangi ya chai ya rangi. Nikamuuliza belti ya taiming ilibadilishwa lini. Akajibu, "Aliyeniuzia alisema bado mpya, kaka."

Huyo ni wa nne mwaka huu. Nawapenda vijana wanaolea magari haya wenyewe, kwa mikono yao, nyumbani, kwa hiyo yafuatayo nimeyaandika kwa mapenzi na kwa hasira kidogo. Nazungumzia 80 lenye injini ya dizeli ya 1HZ kwa sababu ndilo nililonalo tangu 2009. Mwenye Land Cruiser 105 au 70 (lile tunaloliita Mkonga) atajikuta humuhumu.

1. Oili zote, kisha belti. Injini, giaboksi, transfa, difu mbili: mwaga zote wiki ya kwanza, hata kama umeambiwa ni za jana. Kwenye difu, legeza nati ya kujazia kabla hujagusa ya kumwagia. Nimemwona mtu amemwaga oili yote, akageukia nati ya juu, ikagoma kabisa, na gari likalala pale siku nne. Belti ya taiming ya 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi ipo kwa kazi hiyo. Lakini taa huzimwa kwa dakika chache bila mtu kuigusa belti, kwa hiyo usiiamini, wala usimwamini muuzaji. Belti hiyohiyo ndiyo inayozungusha pampu ya dizeli. Ikikatika, vali hukutana na pistoni.

2. Maji. Hapa nitakaa kidogo.

Desemba 2011 nilikuwa nimemaliza kufunga winchi. Ilinichukua Jumamosi mbili na Jumapili moja, maana ngao ilibidi ikatwe na kuchomelewa upya. Nilipokuwa napitisha waya za betri niliuona mpira wa hita, ule unaotoka nyuma ya injini kuelekea ukuta wa kabini, mahali ambapo mkono hauingii bila kuchubuka. Ulikuwa umevimba karibu na klipu, kama mshipa wa shingo ya mtu anayepiga kelele. Niliuona vizuri kabisa. Nikajiambia nitaubadilisha tukirudi kutoka safari ya Iringa.

Mwezi mmoja kabla, fundi niliyemwita anisaidie alikuwa ametoa themostati, ile vali inayofungulia maji kwenda rejeta yakipata moto, na kuitupa, akasema kwa joto la nchi hii haina kazi. Nikakubali kwa sababu ndivyo nilivyosikia kila mtu akisema. Themostati ya 1HZ ina kisahani upande wa chini ambacho huziba njia ya mkato pale inapofunguka. Ukiing'oa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye barabara tambarare gari linapoa mpaka unadhani umefanya jambo la maana. Mlimani unaijua hasara yake.

Tuliondoka saa tatu asubuhi, mimi, mke wangu na watoto wawili, keria imejaa mahema na maturubai. Mikumi nilitembea polepole kama inavyotakiwa hifadhini. Ruaha Mbuyuni tulisimama, mama watoto akanunua kapu la vitunguu, jua likiwa utosini. Sikufungua boneti. Winchi mpya ilikuwa inang'aa mbele pale, na watu wawili walikuja kuiulizia bei. Nikasimama nawaelezea.

Mlima wa Kitonga, wenye kona kali kabla ya Iringa, tuliuanza kama saa saba, AC imewaka, mbele yetu lori la kontena linalopanda kwa gia ya chini kabisa. Hakuna pa kulipita. Mshale wa joto ukapanda kidogo kupita katikati. Nikazima AC, nikafungua vioo. Kona ya pili au ya tatu mshale ukaanza kushuka. Ukarudi katikati, ukapita, ukalala chini karibu na baridi. Nikamwambia mke wangu, "Umeona? Limepoa." Nikawasha AC tena.

Nataka kila mmoja wenu aelewe kilichotokea hapo. Mpira ulikuwa umepasuka na maji yameisha. Kihisi cha joto hupima maji, na maji yakiondoka kinabaki kwenye hewa na mvuke, hakina cha kupima, mshale unaanguka. Nilikuwa napanda mlima na injini kavu huku nafurahia mshale. Kwa kuwa nilitia maji matupu, hapakuwa na harufu, wala doa la rangi kwenye chuma ambalo kulanti (dawa ya rejeta) ingeacha wiki nzima kabla, likanionya. Kama ningewasha hita nusu dakika ningejua: injini ikiwa ya moto halafu hita inapuliza hewa baridi, ndani hakuna maji.

Nguvu zikaanza kupungua, gari likawa linavuta kama limefungiwa gogo. Kisha likagonga mara tatu na kuzima. Lilizimia kwenye kona, upande wa bonde. Dereva wa lori lililokuwa nyuma yetu alishuka bila hata kuniuliza, akakata majani na kuyatandaza barabarani nyuma yetu, halafu akaniletea dumu la maji la lita ishirini. Mungu ambariki popote alipo, maana sikuwahi kulijua jina lake.

Na lile dumu ndilo nililotumia kufanya kosa la pili. Injini ilikuwa inatoa joto mpaka huwezi kusogeza uso. Watoto walikuwa wanalia, malori yanapita karibu kiasi cha kutikisa gari, na mimi nilitaka tuondoke pale. Nikafunika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, nikakifungua, hakikutoa hata mvuke wa maana. Nikamimina maji ya baridi. Nilisikia sauti ndogo kutoka ndani, kama glasi inayopasuka kwenye beseni la maji ya moto. Mke wangu naye aliisikia. Akanitazama, hakusema kitu.

Tulivutwa hadi Iringa. Hedi ilipofunguliwa, ufa ulionekana kwa macho, unapita kati ya vali ya kuingiza na ya kutoa, na mwingine mdogo silinda ya pembeni yake. Hedi ilikuwa imepinda. Gharama ya hedi, gasketi, kazi na kulala Iringa siku tisa ilizidi winchi, ngao na matairi kwa pamoja. Mpira wenyewe, niliponunua Gerezani, Dar, baadaye, ulikuwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Miaka imepita na bado nikipanda Kitonga mke wangu hunyamaza kuanzia daraja la chini mpaka tufike juu. Simlaumu. Niliwaweka watoto wake pembezoni mwa barabara ile kwa saa tatu kwa sababu ya kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Kwa hiyo: mipira yote, pamoja na ya hita na ile ya bomba linalokwenda hita ya nyuma chini ya gari. Klipu mpya. Themostati ipo na ni ya kwake. Kulanti iliyochanganywa kwa kipimo, si maji ya bomba. Likichemsha, zima, fungua boneti, subiri mpaka uweze kuushika mpira wa rejeta kwa mkono bila kuuachia, ndipo ufikirie maji.

3. Kuinua. Inchi mbili zinatosha kwa asilimia kubwa ya njia mnazopita. Ukiinua ekseli ya mbele ya 80, kasta (pembe ya mlalo wa ekseli) inabadilika, na stelingi haijirudishi tena yenyewe baada ya kona. Gari linaanza kuyumba kwenye lami kila lori linapokupita. Weka bushi za kurekebisha kasta siku hiyohiyo. Pima na mipira ya breki gari likiwa limening'inia, usipime likiwa limesimama chini. Dogo wa Jumamosi aliniambia gari lake "linatembea kama mashua". Nikamwelekeza tairi la kushoto, mpira wa breki umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Amekuja nalo hivyo kutoka Dar, barabara ya Chalinze, na abiria.

4. Hubu za mbele. Nati ni ya 54 mm na ina soketi yake. Tafadhali, acheni patasi na nyundo. Kila nikifungua hubu ya gari la mtumba nakuta nati imeliwa pembe zote, na beringi imekazwa kwa kukisia. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa anachovya kidole kwenye grisi ya nako, kile kiungo cha kugeuzia tairi la mbele, na kuisugua kati ya vidole viwili kabla ya kusema chochote. Ikiwa nyepesi kama uji, oili ya difu imevuka, sili ya ndani imekufa. Bado nafanya hivyo na bado sijaona kipimo kinachoshinda.

5. Mabomba ya kupumulia difu yapandishwe juu kabla ya kufunga mkonga. Difu la moto likiingia mtoni linavuta maji, na oili ikitoka kama maziwa tayari umechelewa.

6. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Hili lina zaidi ya tani mbili. Stendi mbili na kabari kwenye tairi, hata kama unachungulia tu. Ukiniambia "ni dakika moja" nitakutoa uani kwangu, na nimeshamtoa mtu.

7. Turbo kwenye 1HZ. Mnauliza kila wiki. Injini hii haikuzaliwa na turbo, na ukiilazimisha bila kupima joto la moshi unaotoka, pistoni ndizo zitakazokulipia. Kama unataka nguvu, anza kwa kushusha mizigo kwenye keria.

Dogo, najua unasoma. Gari lako liache palepale lilipo. Jumamosi saa moja asubuhi uje na mipira yote ya maji, klipu mpya kumi na mbili, themostati, kifuniko cha rejeta na kulanti. Mpira wa breki nimeshakuagizia. Taa usiziguse kwanza.