Sufuria mbili za bluu: nilivyojifunza kununua zawadi ya bibi harusi kwenye orodha

Mara ya kwanza kualikwa kicheni pati ya Kimarekani nilikuwa nimemaliza miezi kumi tu hapa Minneapolis. Aliyenialika ni binti tuliyekuwa tukishika naye zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee. Wenyewe sherehe hii wanaiita shawa. Chini kabisa ya kadi palikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo: jina la duka ambako maharusi wameweka orodha ya vitu wanavyohitaji.

Nikampigia shangazi yangu Dar es Salaam. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mtu anakualika halafu anakutajia na cha kumpelekea?" Nami nilikuwa nawaza hivyohivyo. Niliona ni kama kunyoosha mkono mbele za watu.

Kwa hiyo orodha niliipitia juujuu. Nikaona sufuria nzito ya chuma yenye enameli ya bluu, ya kama lita tano. Sufuria ileile nikaikuta duka jingine kwa bei nafuu zaidi, nikainunua huko, nikaifunga vizuri, nikaenda nayo.

Kule zawadi zilifunguliwa palepale, wageni wote wakitazama. Bibi harusi alikaa kwenye kiti, dada yake akawa anampa boksi mojamoja, na rafiki yake mmoja alishika kalamu na karatasi, akiandika nani kaleta nini ili kila mtu aje aandikiwe kadi ya shukrani. Boksi la tatu likatoka sufuria ya bluu. Boksi la saba, langu, likatoka sufuria ya bluu. Yule binti alinikumbatia, akasema anapenda kupika na mbili hazitamzidi. Lakini nilimwona dada yake akifunua kifuniko kutafuta risiti ya kubadilishia. Haikuwamo. Niliumia sana, kwa sababu nilikuwa nimempa mtu ninayempenda kazi ya kutafuta pa kuweka sufuria.

Nilichokuwa sijakielewa ni hiki: orodha inahesabu kile tu kinachonunuliwa kupitia kwake. Ukiifungua kwenye simu (unatafuta kwa jina la bibi au bwana harusi na mwezi wa ndoa) utaona kila kitu, bei yake, wanahitaji vingapi na vimeshanunuliwa vingapi. Ukilipia hapo, hesabu inapungua na mgeni mwingine anaona kimeshachukuliwa. Ukinunua kwingine, hakuna anayejua. Baadhi ya orodha zina mahali pa kubonyeza kusema umeshakinunua duka jingine. Ukipaona, patumie siku hiyohiyo. Usipopaona, nunua ndani ya orodha hata kama ni ghali kidogo.

Utaratibu huu una umri mkubwa. Duka la Marshall Field's la Chicago linatajwa kuuanzisha mwaka 1924, na mwaka 1993 Target, kampuni ya hapahapa Minneapolis, ikaweka mashine dukani ili maharusi wajiandikishe wenyewe.

Mawazo yangu yaligeuka nilipokumbuka kicheni pati za nyumbani. Kwani kamati inakaa vikao vyote vile kwa ajili gani? Mama mkubwa na wenzake wanachukua friji, wafanyakazi wenzake wanachanga jiko la gesi, wa kanisani au wa mtaani wanabeba seti ya vyombo. Hiyo ni orodha, ila inatembea kwa mdomo na kwa simu. Pale ambapo kamati haikupanga, bibi harusi anaondoka na hotpoti tisa na chupa za chai zisizo na idadi, na hana kisu cha kukatia kitunguu. Shangazi nilipomwambia hivyo alikubali mara moja, maana yeye mwenyewe ana hotpoti za mwaka wa ndoa yake ambazo hazijawahi kutoka kwenye boksi.

Basi fungua orodha mapema, mara tu unapopata kadi. Vitu vya bei ya kati ndivyo vinavyokwisha kwanza, na anayechelewa anabaki na kijiko cha kupakulia au mashine ya bei ya kumtoa mtu jasho. Kumbuka pia kwamba zawadi ya shawa na zawadi ya harusi ni mbili tofauti, na ya shawa kwa kawaida ndiyo ndogo. Usimalize mfuko siku ya kwanza. Kama kitu kizuri kinawazidi nguvu mmojammoja, changeni watatu wanne mnunue kimoja. Hilo sisi tunaliweza kuliko watu wote.

Ukinunua, duka litakuuliza kama zawadi ipelekwe kwa maharusi au kwako. Mimi huagiza ije kwangu, kwa kuwa napenda kuibeba mkononi siku ya sherehe. Ikiwa itakwenda kwao moja kwa moja, hakikisha umeandika jina lako kwenye ujumbe, la sivyo watapokea boksi wasijue la nani. Na omba ile risiti ya zawadi, isiyoonyesha bei, uitie ndani ya boksi.

Vipimo viheshimu. Rafiki yangu aliletewa kutoka Dar seti ya mashuka ya kudarizi, tano kwa sita, mazuri kupita kiasi, akampa bibi harusi mwenye kitanda ambacho hapa wanakiita Queen. Godoro hilo ni inchi 60 kwa 80. Tano kwa sita yetu ni inchi 60 kwa 72. Upana sawasawa, urefu unapelea inchi nane, na lile la kuvalisha godoro halikufika kona za chini. Umeme nao ni vilevile: hapa ni volti 120, Tanzania ni 230. Maharusi wakiwa watu wetu wanaorudi kuishi nyumbani, waulize kwanza kabla ya kununua blenda, hata kama wameiandika kwenye orodha.

Sasa ule moyo wa mtoaji niliokuwa nauhofia kupotea, mimi naupa nafasi nje ya boksi. Nanunua kilichoandikwa, halafu badala ya karatasi nafunga kwa doti ya kanga. Mwaka jana nilialikwa shawa ya jirani yangu. Kwenye orodha nilichagua bakuli nne za kuchanganyia, nikazifunga kwa kanga nyekundu yenye maandishi "Wawili wakipendana adui hana nafasi". Alipofikia boksi langu hakulifungua kwanza. Alipitisha kidole juu ya maandishi akaniuliza yanasemaje. Nikamsomea kwa Kiswahili, kisha nikamfafanulia kwa Kiingereza neno kwa neno, ukumbi mzima umetulia. Mama yake akaja, akauliza kwa nini ziko vipande viwili vilivyoungana. Nikawaambia kimoja ni cha kujifunga, kingine cha kujitanda, na kwetu mtu akikupenda sana mnagawana doti moja. Bibi harusi akaomba mkasi. Nilishika upande mmoja, yeye akakata taratibu katikati ya pindo mbili, kipande kimoja akamwekea mama yake mabegani, ndipo akafungua bakuli.