Kabla ya kuandika historia ya kanisa, litafuteni daftari la katibu

Msomaji mmoja wa Pemba ameniandikia kwamba kanisa lao dogo la Kibaptisti linajiandaa kwa sherehe, na kamati imemtwika yeye kazi ya kuandika historia kwa miezi mitatu. Kaniletea kurasa sita za mwanzo nizitazame. Nne kati ya hizo zinazungumzia soko la watumwa na Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini. Ndugu yangu, hizo nne zitoe.

Si kwamba zina uongo. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Unguja 1864, na jiwe la msingi la Mkunazini liliwekwa siku ya Krismasi 1873, mwaka uleule Sultan Barghash alipolifunga soko. Pemba nako Waquaker, Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki, walifika 1897, wakaweka kituo chao Banani. Lakini hayo ni ya watu wengine na yana vitabu vyake. Wabaptisti wanatokana na Waingereza waliokimbilia Amsterdam, ambako John Smyth alianza 1609 kubatiza watu wazima walioamini. Mwenzake Thomas Helwys akarudi London na kundi lake mnamo 1612. Tanganyika, wamisionari wa Southern Baptist kutoka Marekani waliingia 1956. Yote hayo aya moja inayatosha. Baada ya hapo msomaji anataka kujua nani alivuka bahari na imani hiyo, akapanga nyumba ya nani, na ibada ya kwanza ilifanyika ukumbini au uani.

Majibu ya maswali hayo hayapo kwenye kitabu chochote, na sababu yake iko katika muundo wenyewe wa Kibaptisti. Muanglikana akipoteza daftari la mtaa wake, ana dayosisi ya kuiendea, na nyaraka nyingi za UMCA zimehifadhiwa Uingereza. Mbaptisti hana pa kukimbilia. Kila kanisa la mahali linajitawala: washirika ndio wanaomwita mchungaji, wanaompokea mshirika mpya na wanaomtenga aliyekosa, kwa kura, kwenye mkutano wa washirika. Katibu akiandika, historia ipo. Asipoandika, au akihamishwa kikazi na daftari likaondoka naye kwenye begi, imekwenda.

Na kuhama ndio maisha ya makanisa ya visiwani. Washirika wengi ni walimu, askari, wauguzi, wafanyabiashara na mafundi waliotoka bara. Wengine wanakaa miaka mitatu, wengine thelathini. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuandika. Orodhesha kila mtu aliyewahi kuwa katibu au mweka hazina, hai na marehemu, halafu mpigie simu mmojammoja au mpigie aliyebaki nyumbani kwake. Usiulize "una kumbukumbu zozote?" maana jibu ni hapana. Uliza: "Lile daftari kubwa la muhtasari ulimkabidhi nani, na siku hiyo alikuwepo nani mwingine?"

Ukishayapata madaftari, anza na kitabu cha ubatizo, kisha muhtasari wa mikutano, kisha daftari la sadaka, mwisho faili la barua. Watu hulidharau daftari la sadaka na mimi naliona ndilo tamu kuliko yote. Muhtasari huandikwa kwa lugha ya heshima, "kikao kilikuwa na amani", wakati ukurasa wa matumizi wa mwezi huohuo unaonyesha nauli ya boti ya mchungaji imelipwa mara mbili, saruji imenunuliwa mifuko minane na kufuli la mlango limebadilishwa. Hapo umeshajua kikao hakikuwa na amani. Kwa kanisa la pwani ya Unguja lenye wafanyakazi wa hoteli, tazama sadaka ya Aprili na Mei, wageni wanapopungua kwa masika. Kwa Pemba, linganisha misimu ya karafuu. Faili la barua litakupa barua za uhamisho wa ushirika, na hizo zichoree jedwali lenye safu tano: jina, alikotoka, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, alikokwenda. Jedwali hilo ndilo uti wa mgongo wa kitabu chako. Humo pia ndimo zilimo nakala za barua kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, za kuomba mkutano wa nje au kipaza sauti, na zinaonyesha bila porojo kanisa liliishije na majirani zake.

Sasa tarehe ya kuanza, inayogombanisha watu kuliko pesa. Kanisa moja lina tarehe tano za kuzaliwa: maombi ya kwanza nyumbani kwa mtu, ubatizo wa kwanza, siku kikundi kilipopokewa kuwa kanisa kamili, siku cheti kilipotoka kwa Mrajis (msajili wa serikali), na siku jengo lilipofunguliwa. Kila mzee atashika ile aliyokuwepo. Usichague. Ziandike zote tano kwa mpangilio, na kila moja sema umeitoa wapi: daftari, cheti, au kinywa cha mtu. Kamati ikitaka kusherehekea moja, ipige kura yenyewe.

Kuhusu ubatizo, bahari inaweza kukusaidia kusahihisha tarehe. Sisi tunazamisha, kwa hiyo maji ya magotini hayafai. Yanatakiwa ya kiunoni mpaka kifuani. Siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, maji ya huku kwetu hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kwenye saa nne asubuhi, yakaenda mbali sana. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: kwenye saa nne au saa tano asubuhi ndio yamejaa, ingawa si sana. Mtu akikuambia walibatizwa saa nne asubuhi Jumapili fulani na maji yalikuwa ya kifuani palepale ufukweni, tafuta mwezi wa siku hiyo. Ukikuta ni mpevu, ama saa imekosewa ama Jumapili. Kwa kawaida ni Jumapili.

Kumbukumbu za wazee zina namna yake. Mzee hasemi 1984. Anasema "mwaka aliojiuzulu Jumbe", yule Rais wa Zanzibar. Andaa karatasi ya matukio kabla hujabisha hodi: Mapinduzi, Januari 1964, kuuawa kwa Mzee Karume, 7 Aprili 1972, kuzaliwa CCM, Februari 1977, Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, kujiuzulu kwa Jumbe, Januari 1984, uchaguzi wa vyama vingi, 1995, giza la Unguja umeme ulipokatika, Mei na Juni 2008, halafu lile refu la Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa Pemba kutoka Tanga, 2010, kuzama kwa meli ya Spice Islander, 10 Septemba 2011. Kwa akina mama kuna kipimo kilicho bora zaidi. Uliza: "Mama, tulipoezeka bati, ulikuwa umebeba nani mgongoni?" Cheti cha kuzaliwa cha mtoto huyo kitakupa mwaka ndani ya miezi michache. Na nenda kwa akina mama kabla ya wachungaji. Wao ndio walioosha vikombe vya Meza ya Bwana, waliopika misibani, waliochangishana nauli ya kusafirisha maiti bara. Mchungaji atakueleza mahubiri yake.

Simu iweke hali ya ndegeni kabla ya kurekodi, la sivyo itaita katikati ya jambo zito na mzee hatalirudia. Dakika arobaini na tano zinatosha. Mrudie siku nyingine. Mwanzo wa kila rekodi taja jina, mahali na tarehe. Jioni ileile nakili faili, na lipe jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku, ili yajipange yenyewe.

Picha zisizo na tarehe zisome kwa sare ya kwaya. Daftari la kwaya au la mweka hazina litakuambia kitenge kilinunuliwa lini, na picha yoyote yenye kitenge hicho haiwezi kuwa ya kabla. Tazama pia paa, madirisha na benchi.

Karatasi zenyewe zina maadui wawili huku kwetu, mchwa na unyevu. Pini za stapla zing'oe taratibu kwa kisu butu, maana hewa ya chumvi inazitia kutu na kutu inakula karatasi. Shona kwa uzi wa pamba. Piga picha kila ukurasa barazani, kivulini, bila flashi. Madaftari yatie kwenye sanduku la plastiki lenye kifuniko, juu ya rafu, lisigusane na ukuta, na uyafungue yapate hewa wakati wa kaskazi, si masika. Nakala za picha ziwe tatu, moja ikae nje ya kisiwa.

Kuna ya kutochapisha. Waliotengwa na ushirika, makosa yao yabaki daftarini. Waliobatizwa wakitoka familia za Kiislamu, usitaje jina wala mtaa bila idhini yao ya maandishi, hata kama kanisa zima linajua. Kitabu kinafika mahali ambapo mwandishi hafiki, na ndugu wa mtu huyo bado wanaishi jirani.

Chapa kijitabu cha A5, idadi ya kurasa igawanyike kwa nne. Karatasi kumi za A4 zikikunjwa zinakupa kurasa arobaini. Kabla ya mtambo, rasimu isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa washirika, majina yote yatamkwe. Fanya hivyo wiki sita kabla ya sherehe. Ukisubiri wiki moja, utakuta mtu amesahauliwa, naye ndiye aliyetoa kiwanja.